Hotuba isubiri, miguu imeshapata moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na waandaaji wa mabonanza ya baiskeli hapa Dodoma, hasa haya ya baiskeli za milimani ambayo yamekuwa yakiongezeka tangu jiji lijae watumishi na wanafunzi wa vyuo. Nina jambo moja tu, ila lina maelezo yake: tunapashwa miili joto vizuri kabisa, kisha tunasimamishwa tumsubiri mgeni rasmi mpaka miili inapoa, ndipo filimbi inapulizwa. Kwa utaratibu huo bora tungeachwa tulale.

Nisije nikaonekana mropokaji, nijieleze. Nimefundisha elimu ya michezo katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na wakimbiaji wangu nimewapeleka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Siku hizi ninapanda baiskeli ya gurudumu la inchi 29 na vijana wa Miyuji na Ipagala, ambao wamenizidi kwa kila kitu isipokuwa subira. Wananiita Mwalimu. Wakichoka kunisikiliza wananiita Bibi.

Wasomaji ambao hawajawahi kuhudhuria wajue mambo yanavyokwenda. Bonanza linatangazwa kuanza saa 12 asubuhi, mwezi Julai. Wageni kutoka Dar es Salaam huja wamevaa kama wanakwenda Coco Beach, hawajui kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwamba alfajiri za Juni na Julai upepo wetu unapita ndani ya sweta bila kubisha hodi. Tunagawiwa fulana nyepesi za siku hiyo. Mwalimu wa aerobiki anapanda jukwaani, muziki unafunguliwa, tunaruka, tunachuchumaa, tunazungusha mabega. Ikifika saa 12 na nusu kila mtu anatoka jasho na vijana wameanza kutaniana. Hapo mwili uko tayari, na hapo ndipo filimbi ilipaswa kulia.

Badala yake mshereheshaji anatuomba tusogee mbele ya turubai. Mgeni rasmi yuko njiani. Baada ya nyimbo tatu, bado yuko njiani. Akifika, anasimama wa kumkaribisha yule atakayemkaribisha. "Itifaki imezingatiwa," anasema, halafu anawataja mmoja mmoja wote ambao itifaki imeshawazingatia. Tunaambiwa habari za kisukari na shinikizo la damu huku tumesimama tumekumbatia usukani, jasho limekauka mgongoni na fulana imeganda. Aliyekuja na jaketi ameambiwa alivue ili jina la mdhamini lionekane kwenye picha. Hotuba zinakwisha karibu saa 2. Filimbi! Na njia yenyewe ni kipande kifupi cha lami, kisha unakata kushoto na kuanza kupanda kilima cha mawe.

Mwaka jana katika bonanza moja la namna hiyo, ambalo sitalitaja, tulikuwa hatujamaliza kilima cha kwanza kijana mmoja akabanwa na msuli nyuma ya paja, akaanguka upande pamoja na baiskeli yake. Mbele kidogo binti mmoja alivuta gia huku amekandamiza pedeli kwa uzito wote, cheni ikakatika. Mtumishi mmoja wa rika langu, anayefanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, alishuka akaketi juu ya jiwe ameshika kifua, rangi imemtoka. Namshukuru Mungu ilikuwa ni pumzi tu, alikaa akarudi. Sisemi kwamba hotuba ndiyo iliyokata cheni. Ninasema kwamba watu mia na zaidi waliingizwa kwenye mwinuko mkali wakiwa wa baridi, wakati kabla ya hotuba walikuwa wa moto, na waliowapasha ni waandaaji hao hao.

Neno "kupasha" hapa lichukuliwe kama lilivyo. Msuli unapofanya kazi, kiasi cha robo tatu ya nishati unayoichoma hutoka kama joto, na joto hilo si hasara. Katika dakika 3 hadi 5 za mwanzo joto la msuli hupanda upesi, kisha hupanda polepole mpaka kati ya dakika ya 10 na ya 20, likatulia. Msuli wenye joto hujikunja na kujiachia upesi zaidi. Damu yenye joto huachia oksijeni kwa wepesi zaidi pale misuli inapoihitaji. Neva hupeleka amri haraka zaidi. Ute ulio ndani ya magoti na nyonga, ambao alfajiri hukataa kutembea kama samli ya Julai ndani ya chupa, huanza kulegea ukipata mwendo.

Jambo la pili ni moyo na mapafu. Ukianza kukanyaga pedeli kwa nguvu, miguu inadai oksijeni papo hapo, lakini moyo na mapafu huchukua dakika 2 au 3 kufikia kiwango kinachodaiwa. Katika dakika hizo miguu inajiendesha kwa mkopo. Kama dakika hizo umezitumia kwenye tambarare kwa gia nyepesi, deni ni dogo na hulioni. Kama umezitumia kwenye kilima cha Ntyuka, deni unalilipa kilima kizima, na vijana wanasema "miguu imejaa". Haijajaa kitu, imewahishwa tu. Kwa mtu aliyepita miaka 40, aliyekaa kitini Jumatatu hadi Ijumaa na ana presha, kushtua moyo namna hiyo si jambo la kucheka.

Sasa, joto hilo halikai. Ukisimama huanza kushuka mara moja, na katika upepo, ukiwa umelowa jasho, hushuka mbio. Waogeleaji wa mashindano wamewahi kupimwa katika mita 200 za mtindo huru: walioanza dakika 20 baada ya kupasha waliogelea upesi kuliko walipoanza dakika 45 baadaye. Na hao walikuwa ndani ya jengo, hawakusimama nje kwenye upepo wa Dodoma wakisikiliza salamu za viongozi.

Tazama wanavyofanya wakubwa wa mchezo huu. Baiskeli za milimani ziliingia Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, Atlanta, na tangu hapo mbio zake zina tabia ile ile: mlio wa kuanza ni vita, kwa sababu mbele njia inakuwa nyembamba na aliyechelewa kuingia hapati pa kupitia. Kwa hiyo wapandaji hupasha hadi karibu kabisa na mlio. Utawaona nyuma ya eneo la kuanzia, baiskeli zimefungwa kwenye stendi za chuma, gurudumu linazunguka papo hapo, mtu anakanyaga na jasho linamtoka. Wakiitwa mstarini huvaa majaketi, wakayavua dakika za mwisho. Sisi hatuna stendi hizo, lakini mashuka ya Kimasai na khanga tunazo. Mtu akijifunika shuka hadi filimbi ilie, picha ya mdhamini haitakufa.

Waliosoma shule zetu wanakumbuka mchakamchaka. Ulianza kwa kutembea, ukaenda mwendo wa kukimbia polepole, wimbo ukapanda na miguu ikapanda nao, na mliporudi hakuna aliyehisi baridi. Huko ndiko kupasha, na kwa kweli sijaona njia bora zaidi kwa watoto mia tano wasio na vifaa. Kisha tulisimamishwa paredi tumsikilize mkuu wa shule mpaka meno yakagongana. Ugonjwa wetu ni wa siku nyingi.

Nigusie kidogo na kunyoosha viungo, maana napo watu wanajipotosha. Kabla ya kuondoka utaona safu ya watu wameinama wameshika vidole vya miguu, mmoja anahesabu moja hadi mia, polepole. Wanafanya hivyo kwa moyo safi. Lakini msuli ukivutwa na kushikiliwa hivyo kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa nguvu kwa muda unaofuata, na ndio muda unaotaka kupanda kilima. Isitoshe mtu aliyeinama ametulia hapashi kitu. Mnyoosho huo ufanyike jioni, umeoga, umekaa kwenye mkeka. Asubuhi viungo vinataka mwendo: kurusha mguu mbele na nyuma umeshika mti, kuchuchumaa na kuinuka, kutembea kwa hatua ndefu ukizungusha kiuno, kuzungusha vifundo vya mikono na shingo.

Shingo na mikono nimeitaja kwa makusudi. Mtu wa baiskeli ya lami anaweza kuanza safari yake pole pole na barabara ikamvumilia. Sisi wa mawe na makorongo tunashuka kwa kusimama juu ya pedeli, viwiko vimekunjwa, makalio nyuma ya kiti, na vidole viwili juu ya breki. Breki za diski za siku hizi hutaka kidole chenye hisia: ukibonya kwa kukadiria gurudumu linatii, ukibonya kwa kushtuka linafunga na wewe unaruka juu ya usukani. Kidole kilichokufa ganzi kwa baridi hakikadirii. Ndiyo maana nasema aerobiki peke yake, hata ikifanywa vizuri, haimtoshi mpanda baiskeli wa milimani. Lazima apashe akiwa juu ya baiskeli yake, macho na mikono vikumbushwe kazi.

Kikundi chetu hukutana Miyuji. Kabla ya kuondoka kila mmoja anabonyeza matairi, anavuta breki zote mbili, anazungusha cheni nyuma aisikilize, na anaangalia kama mbigiri imejificha kwenye mpira, maana hapa Dodoma mbigiri na miiba ya migunga ndiyo mwajiri mkuu wa mafundi wa pancha. Kisha tunafuata pembeni mwa barabara ya Arusha kuelekea upande wa Msalato, gia nyepesi, miguu ikizunguka upesi bila kukandamiza, mizunguko 80 au 90 kwa dakika. Sheria yangu ni kwamba katika dakika 10 hizi za mwanzo hakuna wa kumpita mwenye baiskeli nzito kuliko zote, na kila mtu awe anaweza kuongea sentensi nzima. Wakiweza kunisengenya, mwendo ni sahihi.

Baada ya hapo tunapandisha: sekunde 20 za kukanyaga kwa bidii, kisha dakika moja na nusu ya kulegea, mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo. Hapo utaona nyuso zimebadilika. Tukiiacha lami tunaingia kwenye kijinjia cha mchanga chenye mbuyu mkubwa, tunauzunguka polepole kwa namba nane, mmoja mmoja, bila kuweka mguu chini. Anayeweka mguu chini anarudia, nami nimerudia mara nyingi mbele ya watoto wa shule ya jirani, ambao hushangilia sana. Tunainua gurudumu la mbele kuvuka mizizi, tunashuka mteremko mfupi tukirudisha makalio nyuma, tunapanda tena. Dakika 5 hivi. Kisha tunaingia mlimani moja kwa moja bila kusimama.

Pancha ikitokea wakati huo, mwenye baiskeli na msaidizi wake mmoja wanashughulika, na wengine tunawazunguka kwa baiskeli pole pole mpaka wamalize. Wapita njia wanadhani tunacheza ngoma. Hatusimami.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila mara, na si la kijinga. Mzee mmoja jirani yangu, Mgogo wa kweli, baada ya "mbukwa", salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani aliniuliza: hawa wanaoleta maziwa na mkaa kwa baiskeli kutoka vijijini, tangu utoto wetu, nani aliwapasha? Nilimwomba awatazame vizuri wanavyoanza. Mtu wa mkaa hatoki nyumbani kwake amekaa kitini. Anafunga magunia, anakaza kamba za mpira, anaisukuma baiskeli kwa miguu kwenye mchanga mpaka afike njia ngumu, anaparamia, anakanyaga taratibu kwa sababu mzigo haumruhusu kufanya vingine. Akifika kwenye kilima, mara nyingi anashuka na kusukuma tena. Amekwisha kupata moto kabla jua halijatoka. Tena hakuna wa kumsimamisha katikati ya safari amsikilize. Mzee alicheka, akasema basi tatizo letu ni viti vya ofisini. Kwa sehemu kubwa namuunga mkono.

Na mimi si mtu wa kulazimisha ibada moja kwa kila safari. Tukienda bwawa la Hombolo, safari ndefu ya mwendo wa wastani, kilomita 5 za kwanza zinatosha kuwa ndizo za kupasha, bora kiongozi asikimbie. Oktoba na Novemba, jua la Dodoma likishapanda na joto kuvuka nyuzi 30, kupasha kwa nusu saa ni kujichosha bure na kupoteza maji, maana mwili hauna shida ya joto. Wakati huo dakika 5 au 7 kivulini, mizunguko mepesi, msukumo mmoja au miwili ya kuamsha mapafu, na kunywa maji kabla kiu haijafika, inatosha. Wanaocheza aerobiki ya dakika 40 juani mwezi wa Oktoba kisha wakasubiri hotuba juani, sijui niwaweke fungu gani.

Msimu wa baridi ndio huu, na kuelekea Nane Nane mabango ya mabonanza yatajaa tena kwenye nguzo. Ombi langu kwa waandaaji halina gharama. Hotuba ziwekwe mwisho, watu wameshanyweshwa uji, wamekaa chini, hata masikio yana utulivu. Watamsikiliza mgeni rasmi kuliko wanavyomsikiliza sasa. Ikiwa itifaki hairuhusu, basi hotuba zitangulie na mwalimu wa aerobiki apande jukwaani baada yake, akifuatiwa na mzunguko mmoja wa uwanja juu ya baiskeli. Ikiwa kila kitu kimeshindikana na mgeni amechelewa katikati, waandaaji watupe dakika 10 za kupasha upya kabla ya filimbi, na waturuhusu kubaki na mashuka yetu. Kilomita 2 za kwanza ziwe nyuma ya pikipiki inayokwenda mwendo mdogo, hakuna wa kuipita, na njia ichorwe ili kilima cha kwanza kije baada ya hapo. Jiji hili lina tambarare nyingi mno hata mtu akose mahali pa kuanzia.

Mgeni rasmi naye asijione amefukuzwa. Aje na baiskeli, au tumwazime, tuwe naye nyuma ya ile pikipiki. Nimeona viongozi wawili watatu wakifanya hivyo, na watu waliwapigia makofi ya kweli kuliko yale ya mshereheshaji.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Picha inayotoka gazetini baada ya mabonanza haya huwa moja: mgeni rasmi ameshika bendera juu, tumejipanga nyuma yake tunatabasamu. Mwandishi wako atakapokuja mwaka huu aandike chini ya picha hiyo nyakati mbili: saa iliyokuwa kwenye tangazo, na saa ambayo filimbi ililia.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Miyuji, Dodoma